Baridi ya salle ya Mapendo

Mudogo wangu Mapendo alikuwa na salle, nyumba kubwa ya sherehe, kule Kasha, mutaa wa Bukavu, na ndani ya ile salle kulikuwa baridi. Sasa watu wanasema mingi juu yake. Wengine wanaosema hawajakanyaga ata kwa mulango wake. Ndiyo maana nimeshika bic, mimi Emérence, mukubwa wake. Herufi nilizipata kwa darasa ya wamama wa parokia nikiwa tayari na wajukuu, na mukono unanichelewesha, lakini kichwa iko fasi yake. Nitaandika sawa nilivyoona, na fasi sikuona nitasema sikuona.

Tulizaliwa Nyangezi, Mapendo wa mwisho katika nyumba. Wote wawili tuko na kiburi, tuliirithi kwa mama. Kiburi yangu inapiga kelele. Yake ilikuwa inakaa ndani, imenyamaza, na siku inatoka unashangaa.

Akiwa kijana aliuza muchele ya Kamanyola. Alikuwa anashuka mu bonde, anapanda na mifuko, anashuka tena. Kule Kamanyola jua haina huruma, nguo inashika mugongo mbele ya saa nne, watu wanagombana kwa kitu kidogo tu. Siku moja walimuita ndani ya bureau, ofisi ya watu fulani waliokuwa wananunua muchele, atie sahihi. Mule kulikuwa clim, mashini ya baridi. Aliporudi Bukavu hakunielezea bei ya muchele, alinielezea ile baridi.

"Yaya," akasema, sawa tunavyoita dada mukubwa, "mule ndani hakuna mutu anafoka. Wanasema pole pole. Wanakuambia keti, maman. Ile baridi inapatia watu adabu."

"Adabu inatoka kwa mama ya mutu," nikamujibu.

"Inatoka kwa mama, kiisha jua inaitosha inje," akasema, akacheka.

Aliolewa na Benoît, maçon, mujenzi wa Kasha. Ndoa ya kanisa, na ng'ombe za mahari zilifika na miguu yao, si ng'ombe za maneno. Lakini mutoto hakuja. Walienda kwa madaktari, walienda kwa maombi, mutoto hakuja, na Benoît hakuleta bibi mwingine. Hiyo, familia yake hawakumusamehe. Yeye alitega masikio yake ingine fasi, akaanza kujenga. Kwa parcelle yao, kiwanja yao, alipandisha ukuta ya nyumba kubwa, matofali ya kuchoma, ukuta munene ya kukaa miaka. Alitaka iwe salle ya kukodisha, waizeekee pamoja. Mbele ya kufikia tôles, bati za juu, tumbo yake ilianza kuvimba.

Alipojua anakwenda, aliomba wamutoshe inje ya nyumba, wamukalishe kwa mulango. Jua ilikuwa ya asubuhi. Majirani walikuja sawa wanavyokuja siku zote, wamesimama inje: Godelive anayeuza sambaza, muzee Barthélemy wa nyumba ya chini, na wengine. Benoît aliwaangalia mumoja mumoja, akasema: "Ninyi mutakuwa macho yangu. Hii parcelle ninaachia Mapendo. Alizaa ao hakuzaa, ni yake." Godelive alilia. Barthélemy alijibu: "Tumesikia, Benoît. Lala na amani." Hiyo niliona. Nilikuwa nimemushika bega.

Siku za kilio tulitosha mulango wa nyumba kwa bawaba zake, tukauegemeza kwa ukuta, sababu watu walikuwa mingi na hakuna mutu alitaka kuufungua na kuufunga. Mukumbuke huu mulango, nitaurudia.

Kilio ilipoisha, familia ya Benoît waliketi. Mukubwa wao ni Edouard, ndugu ya Benoît, mutu wa suruali safi na maneno matamu. Alimuita Mapendo katikati.

"Shemeki yangu," akasema, "hakuna mutu anakufukuza. Unasikia? Hakuna. Lakini wewe hukuzaa. Basi parcelle izae, ilete pesa. Ikizaa, utakaa. Isipozaa, tutaipatia mutoto wa clan, wa ukoo wetu, ajenge. Tutaketi tena kiangazi ijayo ikiisha."

Mapendo alisema tu: "Itazaa."

Njiani nilimugombeza. "Juu ya nini hukumukumbusha maneno ya Benoît? Juu ya nini hukuita Godelive?"

"Yaya, maneno ya Benoît ni ya kuweka akiba. Nikianza na kelele leo, kesho nitabaki na nini?"

Akafunika ile ukuta na tôles, akatia sakafu chini, akanunua viti vya plastiki. Wakaja watu wa kwaya, wakaja watu wa ubatizo, wa kilio. Lakini kiangazi ile jua ilishika tôles mpaka ndani ikawa sawa tanuru ya matofali. Wamama walikuwa wanatoka na watoto kabla ya keki kukatwa. Karibu na pale anakaa Papa Jacques, anafanya kazi kwa bureau ya ONG, shirika ya misaada, mu mujini. Alipita siku moja akiwa na koti kwa mukono, akafuta shingo.

"Maman Mapendo, kama hii salle ingekuwa na climatisation, seminari zetu zote tungezileta hapa. Wazungu wetu hawawezi na hii joto. Na mutoto wangu Joviale anaolewa mu hii kiangazi. Ningemuolesha hapa hapa, nyumbani."

Alisema sawa mutu anasema kitu ya kupita njia. Mapendo aliishika na mikono miwili.

Huko Bagira kuna kijana anaitwa Murhula, frigoriste, anatengeneza frigo za wenye kuuza bière na clim za mabureau. Alikuja na metre yake na chaki kwa sikio. Kulikuwa bureau moja mu mujini iliyokuwa inafunga, inauzisha mashini zake mbili za climatisation centrale, zile ambazo mashini iko inje na baridi inapita mu mabomba ya bati juu ya plafond, ile dari. Moja kubwa, ya zamani. Moja ndogo zaidi, mupya. Tulienda kuziangalia, mimi na goti langu.

Ile kubwa ilikuwa kitu! Ilikuwa inanifika kwa kifua. Nikaigonga na fimbo. "Hii," nikasema. "Mutu akiingia kwa parcelle aione, ajue amefika."

Murhula alicheka. "Koko, nyanya yangu, watu wanaangalia mwili, mimi naangalia plaque, ile kibati ya namba." Akachuchumaa, akafuta vumbi na kidole. "Kila mashini iko na namba mbili za kujua. Ya kwanza ni nguvu: kwa saa moja inaweza kutosha joto kiasi gani mu nyumba, kuipeleka inje."

"Kutosha joto? Haileti baridi?"

"Baridi hailetwi, Koko. Ni joto tunabeba, tunaenda kuitupa inje. Sawa mutu anayechota na kopo maji iliyoingia mu pirogue, mutumbwi. Hii kubwa kopo yake ni kubwa. Hii ndogo, kopo ndogo."

"Basi kopo kubwa. Umesema mwenyewe."

"Ngoja. Namba ya pili ni ya ulafi. Inasema kwa kipimo kimoja cha courant, umeme, mashini inakula, inabeba joto mara ngapi. Hii kubwa, ya zamani: inakula moja, inabeba mbili na kidogo. Hii ndogo: inakula moja, inabeba tatu na kidogo. Unajua babula, jiko ya makala, si ndiyo? Kuna babula ya bati inamaliza mufuko wa makala, na kuna ile ya udongo, maharagwe inaiva na nusu. Sufuria ni moja. Makala si moja."

Mapendo alikuwa anasikiliza sawa mutu anasikiliza Injili. Akauliza: "Na nguvu ya hii ndogo, inatosha salle yangu?"

Hapo kijana akaanza kazi. Tukarudi kwa salle, akapima urefu, upana, kwenda juu. Akasema tôles ipakwe rangi nyeupe juu, na chini ya tôles tuweke plafond, sababu joto mingi inaingia kwa kichwa ya nyumba. Akauliza watu wangapi wataketi. Mia moja. Akasema mutu mumoja akikaa tu anatoa joto sawa ampoule, taa ya umeme, kubwa ya zamani, na akicheza anakuwa ampoule mbili, tatu.

"Mimi nikicheza?" nikamuuliza.

"Wewe Koko ukicheza tutaita pompiers wazime moto."

Mapendo alicheka mpaka akashika ukuta. Nilikuwa sijamusikia anacheka vile tangu Benoît.

Murhula aliandika hesabu kwa ukuta na chaki, na mwisho akapiga mustari chini: quatre-vingt mille BTU, elfu makumi munane za ile nguvu. Ile ndogo ilikuwa na quatre-vingt mille na kidogo ya kubaki. Ile kubwa ilikuwa karibu mara mbili.

"Kubwa ni mbaya namna gani?" nikasema. "Kama ndogo inaweza, kubwa itaweza zaidi."

"Hapana. Kubwa sana itabaridisha mbio mbio, itazima, kiisha itawaka tena, itazima tena. Haitapata muda wa kukausha hewa. Watu wako watakuwa na baridi na jasho pamoja, sawa wagonjwa wa malaria. Na groupe, jenereta gani, itabeba ile ulafi siku courant ya mujini haiko?"

Mapendo alichukua ndogo. Mimi nilisema kubwa, na ata leo nasema kubwa. Murhula ananijibu na namba zake, mimi sibadilishi.

Walipoiweka, walijaribu salle ikiwa tupu. Siku ile goti lilinikataza kutoka kwangu Kadutu. Mapendo akanipigia simu, sauti yake ilikuwa ya mutoto.

"Yaya! Nimejifunika pagne kwa mabega! Kasha, kiangazi, saa munane, nimejifunika!"

"Usishike kikohozi," nikamuambia.

"Utakuja kwa ndoa ya Joviale. Utaketi mbele. Utasikia mwenyewe."

Sasa nirudie kwa mulango. Murhula alipima ukuta, alipima tôles, alihesabu watu na ampoules zao. Mulango aliuhesabu umefungwa, sababu kwa kitabu alichosomea mulango inafungwaka. Lakini yeye ni mutoto wa hapa. Alioa hapa, na siku yake ya ndoa mulango ulikuwa wazi tangu asubuhi. Mapendo hakuwaza, Papa Jacques na masomo yake hakuwaza, mimi sikuwaza. Kitu unachokiona siku zote hukihesabu.

Kwetu, sherehe iko na watu wa namna mbili. Kuna wenye kuitwa, wanaketi kwa viti. Na kuna wenye hawakuitwa, wanasimama kwa mulango na madirisha, na wao pia ni wa sherehe. Ni wao wanapiga vigelegele vya kwanza bibi harusi akifika. Wanamuangalia uso, wanasema nguo yake, wanasema mume wake ni mufupi. Mwisho wanatoshewa beseni la chakula na kasiksi, pombe ya ndizi. Na kesho kukiwa maneno, nani alitoa nini, nani aliahidi nini, ni wao wanaitwa: mulikuwa kwa mulango, muliona nini? Mutu akiwafungia, ni sawa amesema hataki macho.

Siku ya Joviale ikafika. Nilikuja nimevaa libaya, blauzi ya sherehe, mupya. Salle ilikuwa imepambwa nyeupe na bleu, mashini inanguruma nyuma ya ukuta, na mulango mukubwa wa mbele wazi, mulango wa kando wazi, madirisha wazi. Kasha yote ilikuwa pale. Nilisimama kwanza na Godelive kwa kizingiti, kusalimia, sababu tunajuana na yeye tangu zamani.

"Inasemekana ndani mumefungia theluji," akaniambia.

"Ingia na kichwa, usikie."

Akapenyeza kichwa. "Wapi! Ninasikia makwapa ya watu tu."

Tukacheka. Lakini ilikuwa kweli. Watu walikuwa wanajipepea na makaratasi ya programu. Papa Jacques alikuwa ameshatosha koti. Bibi harusi alikuwa anafutwa uso na dada yake, poudre inatiririka. Pale mbele, kwa meza ya wakubwa, Edouard ameketi, na yeye ameitwa, amekunja miguu, anaangalia matundu ya baridi juu ya plafond, anatabasamu. Nilimuona akimuinamia jirani yake, akisema kitu, na yule akacheka. Mapendo naye aliwaona.

Akakimbia nyuma kwa mashini. Nilimufuata na fimbo yangu. Murhula alikuwa amelowana jasho.

"Inafanya kazi!" akasema. "Maman, naapa, inafanya kazi yote, haipumziki. Lakini joto inaingia kwa milango kuliko inavyobeba. Na groupe inaanza kulia, musikilize."

"Pirogue yako iko na tundu," nikamuambia. "Kopo zako ulizihesabu, tundu hukuhesabu."

Murhula alifuta uso. Alimuangalia Mapendo. "Ufunge milango, maman. Ufunge na madirisha. Muda kidogo tu salle itageuka, utaona."

"Hapana kufunga," nikasema. "Mapendo, hapana. Wacha watu watoke jasho. Jasho haijaua mutu kwa ndoa."

"Yaya, Edouard iko pale anacheka."

"Acheke. Wenye kusimama kwa mulango ndiyo wako, si Edouard."

"Nikikosa leo, Papa Jacques hatarudi. Asiporudi, haijazaa. Isipozaa, ninaenda wapi?"

Nilirudia tu: "Hapana kufunga." Sauti yangu ilikuwa kubwa, sawa iko siku zote, na labda ile kiburi ya kimya ndani yake ilichoka kunisikia.

Alienda mwenyewe. Hakutuma mutu. Alifunga madirisha moja moja, akasema pardon kwa kila uso uliokuwa pale. Akafika kwa mulango mukubwa. Godelive alikuwa kwa kizingiti na muzee Barthélemy nyuma yake, na wamama, na watoto kwa mugongo.

"Maman Godelive, murudi nyuma kidogo. Ni mashini. Haiwezi na mulango wazi. Nitawatoshea chakula."

Godelive alifikiri ni mazaha. "Mashini imekataa uso wangu?"

"Si uso. Ni joto."

"Tumekuwa joto, sasa." Akageukia wenzake. "Mumesikia? Sisi ni joto ya Kasha. Tunaharibu hewa ya wakubwa."

"Godelive, nakuomba."

"Siku tulilala hapa chini kwa kilio ya Benoît, tulikuwa joto pia? Mulango wa nyumba tulikuwa tumeuegemeza kwa ukuta!"

Mapendo alinitafuta na macho. "Yaya, ingia. Kiti yako iko mbele."

Nikamuambia: "Kama hawa wako inje, na mimi niko inje."

Aliniangalia. Kiisha akavuta mulango. Nilisikia komeo.

Hiyo iliyofuata ndani sikuiona. Nilisikia. Kwanza kelele ya muziki ikawa ya mbali, sawa redio chini ya mito. Nyuma ya muda, watu wakaanza kupiga makofi. Halafu kicheko, ile kicheko ya watu wameridhika. Mutu alisema kwa micro: "Tunamupongeza maman wa salle!" na makofi tena, mingi. Mashini ilikuwa inanguruma pole pole, groupe imenyamaza kulia. Murhula alikuja mbio kwangu, meno yote inje: "Imeshuka, Koko! Vingt-trois, digri makumi mbili na tatu! Namba ya plaque haikusema uongo!"

"Umeambia hawa?" nikamuuliza. Akaangalia wenye kukaa kwa mavumbi, jua juu yao, meno yakarudi ndani.

Mapendo alitosha beseni ya chakula kwa dirisha ya jikoni, bugali na sombe ya majani ya muhogo na nyama, nyama mingi kuliko desturi. Godelive hakusimama.

"Chakula cha kupitisha kwa dirisha ni cha mufungwa," akasema. "Mimi si mufungwa." Akajikung'uta pagne, akaenda. Na wengine wakamufuata, mumoja mumoja, ata watoto. Beseni ikabaki kwa kizingiti na inzi.

Papa Jacques alifurahi. Alimushika Mapendo mikono mbele ya watu, akasema seminari ya kwanza itakuja mwezi unaofuata. Na kweli ilikuja, na nyingine, na ndoa za watu wa université. Kila mara milango imefungwa. Kila mara wenye kupita njia walipita njia. Mapendo alijaribu kurekebisha. Alienda kwa Godelive na kilo ya sukari. Godelive alimupokea vizuri, akamupatia kiti, akamuuliza habari za goti langu. Ya mulango hakutaja. Hapo ndipo niliogopa.

Kiangazi ikaisha, familia wakaketi, ndani ya salle yenyewe, mulango wazi, sababu clim haikuwashwa. Edouard alisimama.

"Shemeki yangu, tunakupongeza. Ulisema itazaa, na imezaa. Tumeona wenyewe, tumeketi mu baridi." Watu wakacheka kidogo. "Sasa, kitu inayozaa ni kitu ya clan. Tutaichunga vizuri. Wewe utapata chumba kwa shangazi, Walungu kule, hautalala na njaa."

Mapendo alisimama. Hakupandisha sauti. Akasema Benoît alisema maneno kwa mulango, na wenye walisikia wako. Akaomba waitwe.

Walikuja. Godelive na pagne yake ya kanisa, muzee Barthélemy na kofia kwa mukono. Walisimama sawa walivyosimama zamani, kwa kizingiti. Edouard aliwauliza na heshima yote: ndugu yangu alisema nini?

Muzee Barthélemy aliangalia chini. "Mimi macho yamezeeka. Na masikio. Sikumbuki vizuri."

Godelive hakuangalia chini. Alimuangalia Mapendo.

"Sisi ni watu wa inje," akasema. "Mulango ulifungwa. Mutu wa inje anaona nini? Sikuona, sikusikia."

"Godelive!" nikapiga kelele. "Ulilia! Ulilia na machozi, nilikuwa nimemushika bega!"

"Maman Emérence," Edouard akasema, mutamu, "wewe ni dada yake. Dada si shahidi."

Mapendo alirudi kwa kiti yake. Aliketi. Nilitaka alie, nilitaka atukane, nilitaka ile kiburi ya ndani itoke siku ile wote waione. Aliketi tu, mikono kwa magoti, sawa mutu anangojea daktari.

Walimu wa mutaa walituambia sheria inamuachia bibi nyumba, twende kwa tribunal, mahakama. Tulienda kuuliza. Yule wa kutupokea alikuwa muzuri. Akauliza: karatasi ya Benoît iko wapi, na kama haiko, nani alisikia? Tukarudi.

Sasa anakaa kwangu Kadutu. Edouard anakodisha salle. Mashini haiwashi, anasema mazout, mafuta ya groupe, inamumaliza, na milango iko wazi siku zote. Murhula anapitaka huko, ananiambia: watu wanajaa, wanatoka jasho, wanacheza mpaka nguo inashika mugongo, na wenye hawakuitwa wamejaa kwa madirisha, Godelive mbele yao na vigelegele vyake. Hakuna mutu anauliza baridi. Papa Jacques na yeye anakodi pale; seminari inaanza asubuhi mapema, mbele ya jua kushika. Hesabu ya chaki bado iko kwa ukuta, quatre-vingt mille na mustari chini. Hawajaipaka rangi.

Mapendo haendi. Kanisani anaenda misa ya kwanza, anaketi nyuma. Mchana anakaa kwa kiti karibu na dirisha, hafanyi kitu, yeye aliyekuwa anashusha na kupandisha mifuko ya Kamanyola. Wajukuu wanapita juu ya miguu yake sawa wanapita juu ya kizingiti.

Kuna kitu kimoja anaulizaka. Haulizi juu ya parcelle, wala Edouard. Anaweza kukaa kimya siku nzima, kiisha anageuka.

"Yaya, siku ile ya Joviale, ilikuwa baridi, si ndiyo? Baridi ya kweli?"

Ninajua jibu anayotaka. Ni neno moja tu, na lingemupatia usingizi. Lakini uongo sijaanza, na nimezeeka sana kwa kuanza.

"Sikusikia, Mapendo," ninamuambia. "Nilikuwa inje."

Anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, anarudisha uso kwa dirisha.